Kambi isiyo na kijiji jirani

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa kibandani kwangu, pale ninapouzia mbao Mafinga, mvua imekatika ghafla na ule ubaridi wetu ushaanza kupanda kutoka miguuni, dumu la ulanzi liko katikati na kila mtu ana kikombe chake, mpwa wangu akatoa simu akaanza kutuonesha video ya Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani. Kisiwa chenyewe chembamba kimejipinda kama utepe, maji ya bluu ndani na nje, minazi, mchanga mweupe mpaka unaumiza macho, halafu kwenye minazi hiyo hiyo inatokea njia ya ndege ndefu mwisho wake huuoni, na ndege nyeusi bapa zimelala pale kama popo. Dogo katoka JKT kwa mujibu wa sheria, bado ana ule moto wa kuruta aliyemaliza, akasema mjomba hawa jamaa wanalipwa kukaa hapa, yaani wanalipwa, mimi wanipe hata miaka mitano sirudi.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mtaa mzima tunamwita Afande tu, jina lake nadhani hata mkewe keshalisahau. Akaichukua ile simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaangalia weee, halafu akauliza, kijiji kiko wapi? Dogo akamjibu hakuna kijiji Afande, ni jeshi peke yake. Mzee akamrudishia simu yake. "Sasa mtu akichelewa kurudi kambini, anakuwa amechelewa kutoka wapi?"

Tulicheka mpaka ulanzi ukamwagika. Ila mimi swali lile nimeondoka nalo, nimelala nalo, na nikisoma soma habari za hicho kisiwa naona mzee kwa sentensi moja kawapita wachambuzi wengi wanaoongelea ukubwa wa mabomu na urefu wa ranwei. Maana watu wakiongelea kambi za visiwani wanaongea kana kwamba upweke wa pale umeletwa na bahari, eti ni mbali sana ndo maana hakuna watu. Si kweli. Watu walikuwepo. Upweke wa pale umetengenezwa, ulikaliwa vikao, ukalipiwa hela, na askari anayekaa pale leo akihesabu siku zake kwenye kalenda anaishi ndani ya kitu kile kile walichofanyiwa wenyeji miaka hamsini na kitu iliyopita.

Hiyo Diego Garcia ni moja ya visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Chukua ramani, weka rula Mikumi, pale mabasi yetu yanapopunguza mwendo kwa ajili ya twiga na tembo, vuta mstari kuelekea mashariki moja kwa moja, ukitoka pwani endelea kuvuta baharini zaidi ya kilomita 3,500 bila kugusa nchi ya maana, unafika. Kwa hiyo huyu ni jirani yetu wa mashariki, tuko naye kwenye usawa mmoja kabisa wa dunia, ila sidhani kama wanafunzi kumi wa Iringa mjini wangeweza kukuonesha kilipo. Saa zao ziko mbele yetu kwa masaa matatu, sisi tunapuliza moto wa chai saa kumi na mbili asubuhi huko ishafika saa tatu jua linachoma. Mvua yake ni kama ya Tukuyu, inapita milimita 2,500 kwa mwaka, ila toa baridi ya Tukuyu weka joto la Kyela na chumvi juu yake. Ardhi yote ni kama kilomita za mraba 27 tu, na sehemu kubwa iko mita moja au mbili juu ya bahari, hakuna kilima, mtu wa Rungwe angekaa wiki moja akaanza kuumwa kwa kukosa mahali pa kuinua macho.

Sasa maisha ya pale. Mwanajeshi wa Marekani akipangiwa Diego Garcia kwa kawaida anaenda mwaka mmoja na anaenda peke yake, mke haendi, watoto hawaendi, na hakuna cha mama mkwe kuja kusalimia. Ndege ya abiria ya kawaida haiendi, hoteli ya wageni hakuna, bila kibali hukanyagi. Akifika anakuta jimu, sinema, baa, maktaba, mchezo wa kuangusha magongo kwa tufe, boti za kukodi akavue samaki, na baiskeli, maana magari binafsi hakuna watu wanapiga pedali kwenda kazini. Pesa ni dola. Magari yanapita kulia kama Marekani, lakini himaya yenyewe inatawaliwa na Uingereza, anayemwakilisha huyo mwenye nyumba ni ofisa wa jeshi la majini la Uingereza na polisi na watu wa forodha ni Waingereza pia, wakati kwa miaka mingi Waingereza wote wa pale wamekuwa makumi tu na upande wa Wamarekani pamoja na vibarua wao ni maelfu. Umeshawahi kuona nyumba ambayo mpangaji ana familia ya vyumba vyote na mwenye nyumba kajibanza chumba cha uani anakusanya funguo? Ndo hiyo.

Na kazi yenyewe kwa watu wengi si ya sinema kama dogo anavyofikiria. Anayeonekana kwenye video ni rubani. Nyuma yake kuna mtu wa mafuta, mtu wa matairi, mtu wa kufagia ranwei jiwe dogo lisiingie kwenye injini, mtu wa stoo, mpishi, fundi anayepambana na kutu maana chumvi ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Ranwei ile ina urefu wa kama mita 3,600, ilitosha ndege za mabomu za B-52 kuruka kwenda kupiga Iraq mwaka 1991, ikatumika tena Afghanistan 2001, ikatumika tena Iraq 2003, na mwaka 2025 ndo tukaona zile B-2, zile popo za kwenye simu ya dogo. Kwenye maji ya ndani ya kile kipinde zinakaa meli zilizojazwa vifaru na risasi na chakula, zinasubiri tu, zinaweza kusubiri miaka. Kwa hiyo ukiondoa vipindi vya vita, maisha ya kambi ile kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Unasubiri zamu iishe, unasubiri saa ifike upige simu nyumbani, unasubiri mwaka uishe.

Nilimweleza Afande hayo yote akasema kusubiri ndo jeshi lenyewe, hata sisi tulisubiri. Lakini akaongeza kitu. Alisema sisi tulisubiri tukiwa na watu.

Hapa niseme la kwangu kidogo. Mimi nimekulia jirani na kambi. Huku nyanda za juu kambi ni sehemu ya maisha, kuna JKT hapa Mafinga, kuna Itende kule Mbeya, ukiamka alfajiri kwenye ukungu unasikia mchakamchaka kabla hujasikia jogoo. Mama yangu aliuza vitumbua na chai ya rangi nje ya geti la kambi kwa miaka, alikuwa na karai lake la vitundu saba, na mimi kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kumshikia taa ya chemli akikoroga unga wa mchele. Pembeni yake alikuwepo fundi cherehani anayejua kubana suruali ya kombati ikakaa vizuri bila sajenti kulalamika, kulikuwa na fundi viatu, kulikuwa na baba mmoja wa Kikinga na kioski cha dawa ya viatu na nyembe. Jumapili timu ya kambi inacheza na timu ya mtaa, tunafungwa, tunagombana, tunakunywa pamoja. Maofisa wameoa kwetu. Watoto tulijua paredi yote kwa kuchungulia, mpaka "nyuma geuka" ya kona tunaijua kuliko kuruta wa wiki ya kwanza.

Na mama alijua mambo. Hakuwa na redio wala hakuuliza mtu. Kama usiku magari yameondoka na watu wengi, asubuhi vitumbua vinabaki, anarudi nyumbani na nusu beseni anasema leo wamesafiri. Kama wamekuja wageni, vinaisha saa moja asubuhi anatukimbiza tukasage mchele mwingine. Kama kuna msiba ndani anaujua kwa jinsi wanavyonunua kimya. Hakuwa mpelelezi jamani, alikuwa mama wa vitumbua, lakini kambi yoyote yenye mama wa vitumbua getini ni kambi yenye shahidi. Hilo neno shahidi mlishike maana ndo hoja yangu yote hii.

Turudi kisiwani. Kabla ya ranwei palikuwa na vijiji vya watu wa mashamba ya minazi. Hao watu wanaitwa Wachagosi, wazee wao waliletwa kama watumwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1700 enzi za Wafaransa, wakipitia Mauritius, na watumwa wa Mauritius walitolewa Madagaska, Msumbiji na huku pwani yetu ya Kilwa. Kwa hiyo tunaongelea ndugu. Walikausha mbata, walikamua mafuta, kinu kikizungushwa na punda, walikuwa na kanisa lao East Point, makaburi yao, mbwa wao wa kuvulia samaki, lugha yao ya Krioli.

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ikavikata visiwa vile kutoka Mauritius kabla haijaipa uhuru, ikailipa pauni milioni 3, ikaanzisha koloni jipya kabisa wakati huku Afrika wakoloni wengi wanashusha bendera. Desemba 1966 ikasaini na Marekani, miaka 50, kodi hakuna. Ila chini ya meza Marekani ikawasamehe dola milioni 14 kwenye biashara ya makombora ya Polaris, na hilo likafichwa hata kwa wabunge wao. Tatizo likabaki moja, watu. Nyaraka zao wenyewe zilizokuja kutoka baadaye zinaonesha maofisa wa London walikubaliana waseme pale hakuna wenyeji, kuna vibarua wa mkataba wa muda tu. Yaani mtu babu yake kazikwa pale, baba yake kazaliwa pale, unamwandika kibarua wa msimu kama hawa vijana wangu wa kupakia mbao.

Kuanzia 1968 mpaka 1973 wakaondolewa wote, watu kati ya 1,500 na 2,000. Wengine walikuwa wameenda Mauritius kutibiwa au kutembea wakaambiwa tu hakuna meli ya kurudi. Wengine wakapakiwa kwenye meli iliyokuwa ya mizigo wakashushwa Port Louis kule Mauritius na wengine Shelisheli, na kisanduku kimoja. Mwaka 1971 wakati wajenzi wa jeshi la majini la Marekani washafika, mbwa wa kisiwa wakakusanywa wakafungiwa kwenye kibanda cha kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari, wenye mbwa wakiwa bado pale pale kisiwani wanasubiri meli.

Hili la mbwa nililisoma usiku nikafunga simu nikatoka nje.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili, na Afande mwenyewe ndo aliishika, msidhani ni mtu wa kulalamika. Alisema kambi ya ndege za mabomu huwezi kuiweka katikati ya watu, likitokea la kutokea utaua kijiji, na kuna siri, na kuna wapelelezi, hata sisi kuna maeneo raia haruhusiwi. Nikamwambia Afande hapo nakubali, kabisa, mimi mwenyewe nisingependa ghala la mabomu liwe nyuma ya choo changu. Lakini wenzetu hawakuhamisha watu wa Diego Garcia peke yake. Walihamisha pia watu wa Peros Banhos na Salomon, visiwa vilivyo zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye ranwei. Ni kama ujenge kambi hapa Mafinga halafu uwahamishe watu wa Mbeya mjini kwa usalama wao. Mzee akanyamaza kidogo akasema, aah, hapo si usalama tena.

Hapo si usalama tena. Walitaka bahari nzima isiwe na mtu mwenye haki ya kusema hapa ni kwetu, kwa sababu mtu mwenye kwao ana mbunge, ana kesi, ana mwandishi wa habari, ana mjomba Port Louis, kesho ana hoja Umoja wa Mataifa. Na bado hoja ilifika. Desemba 1971 Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuifanya Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, na kwenye ile kamati iliyoundwa baadaye Tanzania ilikuwemo, Zambia ambayo haina hata kipande cha pwani nayo ilikuwemo. Lakini kule kisiwani wajenzi wakaendelea kumwaga lami tu.

Kuna wale watakaoniambia kaka wewe unaongea siasa, kambi inaleta ajira. Hii hoja naisikia sana, kila kikitajwa kitu cha wageni mtu anaruka na ajira. Haya tuangalie ajira za Diego Garcia. Anayepika pale, anayefua, anayekata nyasi, anayeendesha basi, anayeuza dukani, kwa sehemu kubwa ni Mfilipino wa mkataba, katolewa upande wa pili wa dunia akapita juu ya bahari mbili. Wachagosi wengi waliopelekwa Mauritius walikosa kazi wakakaa kwenye mabanda ya mabati, wamezaliwa kule visiwani, wanaijua kila kona, na kwa miaka mingi wamelalamika hawachukuliwi. Kwa nini umwache wa karibu umlete wa mbali kwa nauli? Nimejiuliza kama mfanyabiashara, maana mimi nikitaka mtu wa kuchana mbao siendi kumtafuta Bukoba. Jibu ninaloliona mimi ni kwamba Mfilipino mkataba ukiisha ana kwao pa kurudishwa. Mchagosi ukimleta akatandika kitanda, kashafika kwao, utamrudisha wapi?

Kuna namna nyingine ya kufanya, na yenyewe si nzuri, nisije nikaonekana nasema wakiwaachia watu basi kila kitu safi. Kule Pasifiki, Kwajalein kwenye Visiwa vya Marshall, Marekani ina kituo cha majaribio ya makombora, na wenyeji wamewekwa kisiwa cha pembeni kinaitwa Ebeye, maelfu ya watu wamebanana kwenye kipande ambacho ungekizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, asubuhi wanapanda kivuko kwenda kufanya kazi kwa wenye majani mabichi na mabwawa ya kuogelea, jioni wanarudi. Ni aibu. Lakini hata hivyo wana mbunge, wanaandamana, mkataba ukiisha lazima ukae nao mezani.

Na sasa lile neno shahidi. Kwa miaka serikali ya Uingereza ilikuwa inaliambia bunge lake kwamba ndege za CIA, wale majasusi wa Marekani, zilizobeba watuhumiwa wa ugaidi hazijawahi kutua Diego Garcia. Februari 2008 waziri wao wa mambo ya nje, David Miliband, akasimama bungeni akaomba radhi, kumbe zilitua, mara mbili, mwaka 2002, kila moja na mfungwa mmoja ndani. Miaka sita imepita. Fikirini kidogo, kambi ina maelfu ya watu, ndege inatua, inajaza mafuta, inaondoka, na hakuna mtu hata mmoja ambaye kwake kitumbua kimebaki. Wote wako kwenye mkataba au kwenye kiapo.

Mwaka 2021 mwezi wa kumi mashahidi wakaja wenyewe kwa bahati mbaya. Watamili wa Sri Lanka 89 kwenye boti ya uvuvi, walikuwa wanaelekea Kanada, boti ikaharibika wakaokolewa wakapelekwa Diego Garcia. Wakaomba hifadhi. Hapo kisiwa kikachanganyikiwa, maana ni sehemu iliyotengenezwa isiwe na raia, hakuna ofisi ya raia, hakuna shule ya raia, hata sheria ya kumpokea raia wanaitafuta kwenye makabati. Wakawekewa mahema ndani ya uzio na walinzi, watoto wakiwemo, wakakaa hivo zaidi ya miaka mitatu, panya wanaingia kwenye mahema, watu wakajaribu kujiua. Ndege zinaruka juu yao, askari wanapita na baiskeli kwenda kuvua. Kesi yao ilipotakiwa kusikilizwa kisiwani mwezi wa saba 2024 Wamarekani wakakataa jaji na mawakili wasiingie, wakaja kuruhusu Septemba kwa masharti. Jaji wa mahakama ya himaya hiyo anaombaje kibali kwa mpangaji kuingia kwenye nyumba anayoihukumu? Desemba 2024 akaamua kwamba wale watu walizuiliwa kinyume cha sheria, na wengi wao wakapelekwa Uingereza mwezi huo huo.

Mimi naamini, na mtu anaweza kunipinga, kwamba yule askari wa kawaida wa pale naye kaonewa ndani ya mpango huu, si kwa kiwango cha Mchagosi, hapana, mizani haifanani hata kidogo, anarudi kwao na mshahara wake. Ila mwaka mzima haoni mtoto wala bibi kizee, hasikii mtu akigombana na mkewe kwa ukuta wa pili, haendi msibani. Hakuna wa kumuuliza wewe mtoto wa nani. Afande anasema mwanajeshi akikaa sana na wanajeshi watupu anaanza kudhani dunia nzima inavaa kombati, na kilichomfundisha yeye adabu kuliko sajenti meja yeyote ni mama mmoja wa Makambako aliyemkopesha wali maharage miezi mitatu akamsubiri pale pale siku ya mshahara.

Kwenye kisiwa kile deni halipo. Kuna kaa wakubwa wa minazi wanaolindwa na sheria usiwaguse. Kuna bahari iliyotangazwa hifadhi mwaka 2010, uvuvi marufuku eneo lote kubwa la Chagos, ila maji ya kuizunguka Diego Garcia yakaachwa nje ya marufuku ili wa kambini waendelee kuvua wakipumzika. Mchagosi mvuvi hapana, fundi wa ndege na fimbo yake siku ya Jumapili sawa.

Mei 2025 Uingereza na Mauritius walisaini mkataba, visiwa virudi Mauritius, halafu Uingereza ikodi Diego Garcia kwa miaka 99, wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka, na mabishano kwao London hayajawahi kupoa. Mahakama ya Kimataifa ilishasema Februari 2019 kwamba kile kitendo cha kukata visiwa hakikuwa halali na Uingereza iondoke haraka, Baraza Kuu likapiga kura 116 kwa 6. Sasa kodi hiyo ukiilinganisha na ile milioni 3 ya 1965 unaona kabisa kuna mtu aliibiwa mchana. Lakini angalia ndani ya mkataba, Mauritius inaruhusiwa kurudisha watu kwenye visiwa vingine, Diego Garcia hapana. Karne nyingine ya kambi bila kijiji. Na Wachagosi wengi wanalalamika hawakukaa kwenye ile meza, wakaongelewa tena kama mzigo, safari hii na wenye ngozi inayofanana nao.

Wameshawahi kurudi kidogo, kama wageni. Mwaka 2006 watu kama mia moja walipelekwa kwa meli wakatembea siku chache, wakafika East Point, wakakuta kanisa na nyumba za shamba na makaburi yao yamefunikwa na majani, wakang'oa kwa mikono, wakaweka maua, wakapanda meli wakaondoka.

Nilimsomea Afande hiyo sehemu wiki hii, tumekaa pale pale, dogo hakuwepo kaenda Iringa kufuatilia cheti. Mzee akasikiliza mpaka mwisho akageuza kikombe akamwaga machicha chini.

"Na wale punda wa kinu, walipakiwa melini nao?"

Nikamwambia hapana, punda waliachwa, wakaingia porini wakazaana, miaka na miaka askari wanawakuta barabarani usiku wamesimama katikati hawataki kupisha.

Akacheka peke yake kwa muda mrefu, halafu akaninyooshea kikombe.

"Ongeza," akasema, "hao ndo kijiji."